Sufu ya Karani

Usikoroge.
Hilo ndilo la kwanza, na karibu ndilo lote.
Maji yachemke, yapoe kidogo,
yafike pale mkono unaposema basi lakini haujakimbia.
Kisha sabuni, kiasi cha ganda la yai,
bila povu, maana povu ni mapambo
na sufu haiendi harusini.

Nje, Matamba imevaa ukungu hadi magotini.
Shamba la viazi la Tweve halionekani, ni sauti yake tu
inayomgombeza ng'ombe kama mkwe.
Mimi na beseni. Mimi na neti ya mbu iliyotoboka,
niliyoikata nikaishona vijifuko,
kila kifuko vishungi kumi na viwili
vimelala kama dagaa, vichwa upande mmoja.

Naviweka juu ya maji. Sivizamishi.
Vinaelea, vinakataa, vina mafuta yao.
Halafu vinakunywa, polepole,
vinashuka vyenyewe
kama mgeni anayekaa baada ya karibu ya tatu.

Mwaka wa kwanza nilifua kama ninavyofua sare za shule.
Nilisugua, nikakamua, nikasuuza kwa maji ya bomba
ya mwezi wa saba, maji yenye meno.
Nikatoa donge.
Shati zima la kondoo, kilo mbili na robo,
limejikunja likawa ngumi.
Wifi yangu Atuganile alilipima mkononi,
akaligonga mezani, likalia ko.
"Umefua vizuri," akasema. "Limetakata."
Akalikata soli mbili. Nazivaa mpaka leo:
miguu yangu haijui baridi, ila inajua aibu.

Sasa maji yamekuwa chai ya rangi.
Nanyanyua kifuko kwa viganja viwili
kama unavyomhamisha mtoto aliyesinzia kitini.
Beseni la pili, joto lilelile.
Sufu husamehe uchafu,
haisamehe kushtuliwa.

Tulimwita Karani kwa doa la wino sikioni.
Na kweli, aliandika.
Tazama kwenye ncha: vumbi la kiangazi,
kipande cha ua la pareto.
Shuka kidogo, mawimbi yamebanana, mvua za vuli,
majani yalikuwa mengi.
Halafu hapa, kiinue kwenye mwanga wa dirisha,
pana wembamba usiozidi upana wa ukucha.

Ni Machi.
Ni zile siku kumi na tisa nilizolala Ikonda
nikarudi bila nilichokiendea,
na kanga mpya haijafunguliwa.
Huku nyumbani hakuna aliyekumbuka chumvi yake.
Alinyeshewa, akaacha kula.
Sikumsimulia mtu. Watu walijua, wakaongea habari za mbolea.
Yeye aliandika.

Ukivuta, kishungi hukatika hapo hapo,
kwa mlio mdogo, kama njiti ya kiberiti.
Kwa hiyo sivuti. Sikamui.
Nalaza taulo, nabonyeza, nageuza, nabonyeza,
kisha chekecheo juu ya jiko lililozimwa,
mbali na moto, mbali na paka.

Karani mwenyewe yuko zizini, kanyolewa juzi,
kavaa sweta langu la mtumba, mikono imekunjwa mara mbili.
Ananitazama kama mtu aliyekopesha.

Kufikia jioni vimekauka.
Kila kimoja kimerudia mikunjo yake bila kufundishwa,
cheupe kama moyo wa mahindi mabichi.
Mama Kisinini wa Iringa, anayeshona wanasesere,
anavitaka kwa ajili ya nywele.
"Vizima tu," aliagiza. "Vilivyokatika silipi."

Nahesabu. Nahesabu tena.
Naandika ujumbe: viko hamsini na tisa.
Anajibu kabla sijaweka simu chini:
si tulisema sitini? Kimoja kimekatika?

Hapana, namwambia.
Ni kizima.